Saa ya wanyama hutangulia saa ya watu

Swali: "Daktari, shikamoo. Mimi ni mfugaji mdogo, tunaishi kando ya mto. Nina ng'ombe 8, mbuzi 12, kuku kama 30, mbwa 2 na paka 1. Mto ulipofurika usiku tuliambiwa tutoke mara moja. Tulitoka na watoto na mbwa mmoja tu. Ndama aliyekuwa amefungwa kamba tulimkuta amekufa pale pale. Mume wangu alirudi usiku ule ule kufungua zizi, na kwa saa 3 sikujua kama yu hai. Wengine walipona, ila mtamba mmoja anakohoa tangu siku ile. Safari nyingine nianze na nani? Nikilazimika kuwaacha, niwaacheje? Na je, ni haki kumhangaikia mnyama wakati watu wanakufa?"

Marahaba, mama. Pole sana kwa ndama wako, na pole kubwa zaidi kwa zile saa 3 ulizokaa gizani ukimsubiri mwenzako. Nitaanza na swali lako la mwisho, maana mumeo ameshalijibu kwa miguu yake. Hakukaa kitako kupima kama ni haki au si haki. Alirudi. Katika miaka yangu yote ya kutibu mifugo, na mara nyingi nimeitwa penye maji na penye moto, sijaona mtu aliyekulia na wanyama akaondoka bila kugeuka nyuma. Mwenye ng'ombe hurudi. Mwenye mbwa hurudi. Mtoto aliyemwacha paka wake hulia mpaka mtu mzima mmoja anyanyuke akamtafute. Anayekwambia uachane na wanyama uokoe watu hajatambua kuwa watu anaowataja ndio hao hao wanaorudi.

Mwaka 2005 kimbunga Katrina kilipoipiga New Orleans, Marekani, vituo vingi vya waliohamishwa havikupokea wanyama. Watu wengi walikataa kuondoka kuliko kuwaacha mbwa na paka wao, wakabaki katika nyumba zilizozingirwa na maji. Funzo lilikuwa chungu kiasi kwamba mwaka uliofuata Marekani ikatunga sheria inayotaka mipango ya maafa ya majimbo na ya serikali za mitaa iwahesabu wanyama wa nyumbani, pamoja na wale wanaowasaidia watu wenye ulemavu. Mwaka 2010 mlima Merapi wa Indonesia ulipokuwa ukilipuka, wafugaji ambao tayari walikuwa kambini walipanda tena mlimani kuwapa ng'ombe wao majani. Serikali ikaona maneno matupu hayawazuii. Ikatangaza kuwa itawanunua ng'ombe wale, ili mtu asiwe na sababu ya kupanda. Basi kumtayarishia ng'ombe njia ya kutoka ni kumtayarishia mumeo sababu ya kutorudi. Hangaika nao bila kuona haya.

Sasa tuje kwenye usiku wenyewe. Kosa halikufanyika usiku ule. Lilifanyika mchana uliotangulia, mlipodhani kuwa saa ya wanyama kuondoka ni ile ile ya watu. Familia yenye watoto yaweza kutoka ndani kwa dakika 10. Ng'ombe je? Hebu tuhesabu pamoja. Tuseme mahali pa juu mnapoweza kuwapeleka pako kilomita 5. Ng'ombe anayetembea kwa utulivu huenda kilomita 3 au 4 kwa saa, na akiwa na ndama huenda kwa mwendo wa ndama. Hapo tayari ni saa moja na nusu au zaidi, njia ikiwa kavu na mchana ukiwa mweupe. Ongeza saa nzima ya kuwatoa, kuwahesabu na kuwapanga. Ongeza mvua, giza na barabara iliyojaa watu wanaokimbia. Kama ni lori, hesabu inabadilika lakini haipungui: lori linalobeba ng'ombe 4 litakwenda na kurudi mara mbili, na ile safari ya pili ndiyo inayokutana na daraja lililokwisha kufunikwa.

Kwa hiyo wanyama hawasubiri tangazo. Wao wana saa yao, na saa hiyo unaichagua leo, jua likiwaka. Tafuta alama isiyobishaniwa na mtu: jiwe fulani mtoni, nguzo ya daraja, au kigingi utakachokichimbia mwenyewe ukingoni na kukipaka rangi. Maji yakifika pale, ng'ombe wanatoka, hata kama hakuna aliyetangaza na hata kama jirani anakucheka. Kama mamlaka ya hali ya hewa imetangaza mvua kubwa upande mto unakotoka, usisubiri hata alama. Mto hufurika kwa mvua ambayo wewe hukuiona. Maji yasipokuja, mtakuwa mmepoteza nusu siku na maziwa kidogo, kwa maana ng'ombe aliyetembezwa hupunguza maziwa. Hasara hiyo nakuomba uikubali mapema, uikubali mara kumi ikibidi, kwa sababu ile ya kumi na moja ndiyo itakayokuwa ya kweli. Nimeona familia iliyohama mara mbili bure ikachoka, ikabaki safari ya tatu.

Umeuliza uanze na nani. Anza na anayechelewesha. Paka kwanza, na nitakueleza sababu. Kisha majike wenye mimba kubwa na wale wenye ndama wachanga, maana hao ndio watakaoweka mwendo wa kundi zima. Mbuzi hawana taabu sana: wana kiongozi wao, nawe unamjua. Mshike huyo kwa mkono, wengine watafuata. Fahali mwache atoke mwisho na peke yake. Fahali aliyebanwa katikati ya majike wenye hofu humvunja mtu mbavu. Kuku washike jioni wakiwa wamelala, kwa mwanga hafifu, uwaweke kwenye tenga lenye nafasi ya hewa. Ukijaribu kuwakamata mchana, wakiwa macho na maji yanaingia, watakumalizia saa nzima. Matenga usiyapange juu ya mengine mpaka hewa ikose pa kupita. Kuku hufa kwa joto la wenzao upesi kuliko watu wanavyodhani. Mbwa wanakwenda na watu, wakiwa na kamba na mkanda wa shingoni, tangu hatua ya kwanza hadi ya mwisho. Hata mbwa mpole asiyewahi kufungwa atakimbia akisikia kishindo, na hutampata usiku huo.

Kuna jambo zito zaidi ambalo wafugaji huliepuka: kama huwezi kuwatoa wote, nani abaki? Liamue sasa, mkiwa wawili mmekaa, si maji yakiwa magotini. Kwa kawaida kundi hujengwa upya na majike wanaozaa na mitamba, kwa hiyo hao ndio wa kutangulia. Ng'ombe mzee au madume ya ziada, kama msimu wa mafuriko unakaribia na unajua huna mahali pa kuwaweka, ni bora kuwauza mapema wakiwa na afya na bei yao. Miongozo ya kimataifa ya kushughulikia mifugo wakati wa majanga, ile inayojulikana kwa kifupi LEGS, iliyotoka kwanza mwaka 2009, inalitaja jambo hili waziwazi: kupunguza kundi mapema ni njia ya kuwalinda watu na wanyama wanaobaki. Si kuwasaliti.

Kuhusu paka. Paka hakimbii janga, hujificha. Akisikia kelele za watu na kuona vitu vinaburutwa, huingia uvunguni, juu ya dari, au nyuma ya gunia ambalo hakuna mkono unaolifikia. Ndiyo maana watu hutoka na mbwa wakamwacha paka, kama ilivyowatokea ninyi. Dawa yake ni ya mwaka mzima. Tafuta kreti au kikapu chenye mfuniko imara, uliache wazi mahali anapopenda kulala, uweke kitambaa chenye harufu yake ndani, umlishe humo mara kwa mara. Kwa paka wako kreti liwe kitanda, lisiwe mtego anaouona siku ya hatari tu. Dalili za kwanza zikionekana, kabla hamjaanza kufunga mizigo na kabla watoto hawajaanza kulia, mwingize chumba kimoja chenye uvungu mdogo, ufunge mlango. Ukisubiri mpaka wote mko mlangoni umechelewa. Akikataa kreti, mfunike na taulo nene umwinue mzima mzima, au mtumbukize kwenye foronya ya mto na uifunge kwa juu. Foronya hupitisha hewa, nayo imeokoa paka wengi. Usimbebe mikononi mitupu. Paka mwenye hofu huuma hadi mfupa, na jeraha la meno ya paka huoza haraka.

Wanyama wote, mkubwa na mdogo, wanahitaji kitu kinachosema ni wa nani. Kwa mbwa na paka ni mkanda wenye namba ya simu iliyoandikwa kwa wino usiofutika, na ikiwezekana maikrochipu, kile kidude kidogo cha ukubwa wa punje ya mchele kinachowekwa chini ya ngozi. Lakini chipu yenye namba yako ya simu ya zamani haina kazi, kwa hiyo ukibadilisha namba, kaibadilishe na huko ilikosajiliwa. Piga picha ukiwa pamoja na mnyama, wewe na yeye kwenye picha moja, alama zake zionekane. Hiyo ndiyo inayomaliza ubishi kambini watu wawili wanapodai mbwa mmoja. Kwa ng'ombe na mbuzi, hereni za masikioni zinatosha kama namba zake umeziandika daftarini na daftari unalo. Kama hawana hereni na muda umekwisha, andika namba ya simu ubavuni kwa rangi ya kupuliza. Kadi za chanjo, hasa ya kichaa cha mbwa, zipige picha uzitume kwa ndugu anayeishi mbali. Karatasi hulowa, na bila kadi kuna makazi yatakayomkataa mbwa wako.

Sasa kuwasogeza ng'ombe. Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ndipo wanaume wengi huharibu mambo kwa fimbo na kelele. Mtaalamu wa Marekani, Temple Grandin, ametumia maisha yake yote kueleza jinsi ng'ombe anavyoiona dunia, na anayoyasema mchungaji mzuri huyajua hata bila kusoma. Ng'ombe ana duara lake. Ukiingia ndani ya duara hilo anasogea. Ukirudi nyuma hatua moja anasimama. Bega lake ndilo mizani: ukiwa nyuma ya bega ukamkaribia, anakwenda mbele, ukiwa mbele ya bega, anarudi nyuma. Ukisimama sawasawa na mkia hakuoni kabisa, kwa hiyo atageuka au atakupiga teke. Basi mtu mmoja mtulivu, anayetembea pembeni nyuma ya bega la ng'ombe wa mbele, anaingia duarani na kutoka, anafanya kazi kuliko vijana watano wanaopiga kelele. Ng'ombe aliyekwisha kushtuka huhitaji karibu nusu saa ndipo atulie, na nusu saa hiyo hamna.

Wakigoma mlangoni, usiwapige, angalia wanachokiona. Mara nyingi ni kivuli, dimbwi linalong'aa, koti lililotundikwa, au mbwa anayebweka. Kiondoe, watapita. Usiku, ng'ombe huenda kwenye mwanga na hukataa giza, kwa hiyo weka taa ndani ya lori ielekee sakafuni, isiwapige machoni. Mahali pa kupandia pasiwe na mwinuko mkali. Ukuta wa udongo au kilima kidogo ambacho lori linaweza kukirudia kwa nyuma kinatosha. Sakafu itandazwe mchanga au majani makavu, maana ng'ombe anayeteleza mara moja hatapanda tena, na ng'ombe anayelala safarini hukanyagwa na wenzake. Haya yote yafanyieni mazoezi. Wapandisheni wanyama lorini au wapelekeni kule juu siku ambayo hakuna hatari, wakute pumba au chumvi mbele yao, kisha warudi. Baada ya mara mbili tatu, njia ile itakuwa kichwani mwao, na usiku wa mvua wataijua kuliko ninyi.

Kama hakuna mahali pa juu karibu, jengeni. Nchini Bangladesh, baada ya kimbunga cha Novemba 1970 kilichoua mamia ya maelfu ya watu, yalijengwa matuta makubwa ya udongo yanayoitwa killa, ambako mifugo hupandishwa maji ya bahari yanapokuja. Huko watu wamekuwa wakikimbilia majengo ya ghorofa, na ng'ombe wanapanda tuta. Kaya tano au sita zikishirikiana kwa majembe na mikokoteni wakati wa kiangazi zinaweza kuinua tuta lao, wakalipanda nyasi zenye mizizi mirefu lisimomonyoke, na kulitengenezea njia pana ya kupandia. Kimo chake kiwe juu ya alama ya mafuriko makubwa kuliko yote ambayo wazee wanayakumbuka.

Huko juu watakula nini? Swali hili husahauliwa. Ng'ombe wa kilo 300 anahitaji kilo 6 hadi 9 za majani makavu kwa siku. Kwa ng'ombe 8, siku 3 ni kati ya kilo 150 na 220, nazo zinapaswa kuwa huko tayari, chini ya turubai, msimu wa mvua unapoanza. Maji ndiyo magumu zaidi: ng'ombe 8 na mbuzi 12 watakunywa karibu lita 500 kwa siku, yaani mapipa mawili na nusu ya lita 200, na wakati wa joto ng'ombe anayekamuliwa aweza kupita lita 80 peke yake. Mbwa wa kilo 20 hunywa kama lita moja. Maji ya mafuriko si maji ya kunywesha. Yamebeba vyoo, mafuta, dawa za mashambani na mkojo wa panya unaoleta homa ya mgunda.

Nikilazimika kuwaacha, niwaacheje? Hapa nina deni la kukiri. Mwanzoni mwa kazi yangu nilimshauri mzee mmoja awafunge ng'ombe wake vizuri wasitawanyike mvua ikinyesha usiku. Alinisikiliza kwa sababu mimi ndiye daktari. Asubuhi tuliwakuta wote wanne mwisho wa kamba zao, vichwa vimeelekea upande wa mlima. Tangu siku hiyo jibu langu ni moja: mnyama asiachwe amefungwa. Asiachwe kwenye kamba, mnyororo, banda lenye komeo wala tenga lililofungwa. Ng'ombe anajua kuogelea, na mbuzi pia. Mbwa ni muogeleaji hodari. Kinachowaua wengi ni kamba na komeo, kabla ya maji. Ndama wako angekuwa huru, ningempa nafasi nzuri ya kuwa hai leo.

Lakini kuwafungulia si kuwatimua barabarani. Ng'ombe wanaozurura barabarani usiku huua watu ndani ya magari na huwazuia waokoaji. Fungua milango inayoelekea juu, funga ile inayoelekea barabarani. Waondolee hatamu na kamba za shingoni, maana hunasa kwenye matawi na nyaya. Seng'enge ni adui mkubwa ndani ya maji. Mnyama anayeogelea haioni, hujiviringisha humo akazama. Kama kuna uzio wa seng'enge kati ya zizi na mwinuko, ukateni sasa hivi mahali pamoja muweke lango. Acha majani makavu na maji safi mahali pa juu kabisa. Mbwa na paka ambao mmeshindwa kuwatoa kabisa wasiachwe nje. Waachwe ndani, kwenye chumba cha juu chenye njia ya kupanda, maji kwenye vyombo vizito kadhaa visivyopinduka, na mlangoni uandike kwa herufi kubwa: wanyama wangapi, wa aina gani, na namba yako. Ukifaulu kuwachukua baadaye, futa maandishi hayo, ili mwokoaji asihatarishe maisha yake kwa nyumba tupu.

Kwa msomaji anayekabiliwa na moto badala ya maji, mambo mawili yanatofautiana. Hatamu za nailoni huyeyuka zikaungulia usoni, kwa hiyo tumia za ngozi au pamba, au uziondoe. Na farasi aliyetolewa kwenye banda linaloungua anaweza kurudi ndani kwa sababu ndiko anakokujua kuwa kwao; funga mlango nyuma yake. Wasipoweza kuondoka, mahali salama kuliko banda ni uwanja mpana ulioliwa majani yote, ambapo moto hauna cha kula. Baada ya moto kagua kwato na chuchu kila siku kwa wiki mbili. Ng'ombe anaweza kuonekana mzima leo, kwato zikaanza kubanduka siku ya saba.

Narudi kwa mumeo. Mwambie, kwa heshima zote, kwamba alifanya jambo la mapenzi na la hatari kubwa, na kwamba hatalirudia. Maji yaendayo kasi yakifika sentimita 15 tu yanaweza kumwangusha mtu mzima. Sentimita 30 hubeba gari dogo. Sentimita 60 hubeba magari mengi, hata makubwa. Usiku hakuna anayeona kama barabara bado ipo chini ya maji. Kama mna boti na mchana umefika, mnyama anayeogelea anaweza kusindikizwa pembeni ya boti, kichwa kikiwa juu ya maji, kwa kamba iliyoshikwa mkononi na mtu. Kamba hiyo isifungwe kwenye boti, na mtu asijifunge nayo kiunoni wala mkononi. Ng'ombe aliyezama kwenye matope asivutwe kwa shingo, pembe, mguu wala mkia. Viungo huteguka na mishipa hukatika. Chimbua kuzunguka miguu, mimina maji kuvunja mnyonyo wa tope, pitisha mkanda mpana nyuma ya miguu ya mbele kuzunguka kifua, ndipo mvute taratibu. Mweke alalie kifua, asilale ubavu, maana tumbo litajaa gesi limbane pumzi.

Maji yakishuka, kazi haijaisha. Mnyama aliyekaa siku 2 bila maji apewe kidogo kidogo, kila baada ya muda, asiachiwe pipa akalimaliza, kwani ubongo huweza kuvimba. Aliyeshinda njaa aanze na majani makavu. Nafaka usimpe siku za mwanzo. Angalia sana stoo: ng'ombe aliyeingia kwenye magunia ya mahindi yaliyopasuka atajishibisha mpaka tumbo lichachuke, na huyo hufa akiwa amenusurika mafuriko. Chakula kilicholowa na kuota ukungu kitupwe, hata kama moyo unauma, kwa sababu sumukuvu haiondoki kwa kuanikwa. Kama hofu ni majivu ya volkano, kumbuka kwamba mlipuko wa Laki huko Iceland mwaka 1783 uliua sehemu kubwa ya kondoo na karibu nusu ya ng'ombe wa nchi nzima, wengi wao kwa sumu ya floraidi iliyotua juu ya majani, kisha njaa ikawashukia watu.

Kagua katikati ya kwato kila siku, maana kusimama kwenye maji huzioza. Kiwele cha anayekamuliwa kioshwe kwa maji safi na kukaushwa. Muulize daktari wa mifugo wa eneo lako kuhusu chanjo za chambavu na kimeta, kwa kuwa mafuriko hufukua vimelea vilivyolala ardhini kwa miaka mingi. Ukikuta mzoga umevimba upesi, damu nyeusi isiyoganda ikitoka puani au mkunduni, usiupasue, usiuchune, usiule, na usimwachie mbwa. Watoto wasiusogelee. Mwite daktari kwanza. Kimeta huua watu. Mizoga mingine izikwe kwenye kina kirefu, mbali na kisima na juu ya usawa wa maji ya ardhini. Wanyama wa watu mtakaowapokea, au wenu waliochanganyika na mifugo ya wengine, watengeni kwa wiki 2 au 3 kabla ya kuwarudisha kundini.

Na huyo mtamba anayekohoa, nisingependa umsubirie. Inawezekana alivuta maji machafu mapafuni alipokuwa akiogelea, na homa ya mapafu ya namna hiyo hujificha kwa siku kadhaa kisha hushuka naye ghafla. Mpime joto leo kwa kipimajoto cha njia ya haja kubwa; likipita nyuzi 39.5, au ukiona anapumua kwa haraka, pua zinatoa usaha, au ameacha kucheua, mwite daktari leo hii, usingoje kesho. Usimnyweshe dawa ya maji kwa chupa, kwani mnyama anayekohoa hupaliwa, na kitakachoingia mapafuni kitazidisha yaliyomo. Mtenge na wenzake, mahali pakavu pasipo upepo mkali, na mwache alale kifua kikiwa juu kidogo. Ukimaliza kumpima, niandikie joto lake na anavyokula.